Baba Hatoki Luano

Katuba, Lubumbashi, tarehe 7 Mei 2023

Mdogo wangu Stéphane,

Pokea salamu zetu, wewe na wote wa nyumba yako. Huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Kifua cha Mama kimeachia kidogo. Mahindi ya nyuma ya nyumba tumevuna, ingawa watoto wangu walikwisha kula nusu yakiwa mabichi. Kunda wangu ameng'oka jino la mbele na sasa anakataa kuimba kanisani, eti watu wataona pengo. Umeme unakuja pale unapotaka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Nilikupigia katikati ya juma, ukasema uko mkutanini. Nikakupigia Jumapili baada ya misa, ukasema uko chini ya mtambo. Sasa barua hii nampa kondakta wa basi la Kolwezi. Barua haina kitufe cha kukata. Utaisoma, hata kama ni chooni.

Jambo lenyewe ni Baba. Stéphane, nani alikuambia umfanye baba yako mlinzi wa kiwanja?

Jana nilikwenda Luano, kwenye nyumba yako unayojenga upande wa uwanja wa ndege. Nikamkuta amekaa juu ya mfuko wa simenti mbele ya kibanda cha mabati, kofia yake ya reli kichwani, tochi mkononi mchana kweupe. Analala palepale. Mtu aliyepita miaka sabini! Nilimwuliza kama anapata hata ugali, akanijibu: "Nakulaka bukari, mama. Usinisumbue, niko ku kazi." Mimi yaya wako, mwanawe wa kwanza, namsumbua!

Umesahau tulivyokua? Baba alikuwa mali ya reli, sisi tulikuwa na picha yake ukutani. Yeye mkuu wa stesheni ndogo ndogo huko njia ya Kabalo, Mama hapa Katuba kwa ajili ya masomo yetu. Alikuwa anakuja Noeli, anaondoka kabla suruali zake hazijakauka kambani. Mama alipata mume siku Baba alipostaafu, si kabla. Na unajua wanachofanya wakiwa pamoja? Hujui, maana tangu uvae kofia nyeupe ya wakubwa wa mgodi hujakaa nao Jumapili moja nzima. Baba anapiga lile gitaa la zamani kwa vidole viwili. Mama anashika chupa ya Fanta, anaigonga kwa msumari. Halafu wanagombana: Baba anasema Mama anakimbiza, Mama anasema vidole vya Baba ndivyo vimezeeka. Jirani wanaleta viti vyao wenyewe. Mama yetu, na magoti yake yale, anacheza amekaa.

Mtu huyo ndiye uliyemchukua tena, ukamweka alinde simenti. Reli angalau ilikuwa ya serikali. Wewe ni mtoto wake wa damu. Sikutukani, lakini nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mtoe pale kabla baridi haijaingia. Na Bénie hajambo? Mwambie mkeo anipigie, namba yake haipatikani.

Yaya wako,
Claudine


Kolwezi, tarehe 28 Mei 2023

Yaya Claudine,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na watoto. Mpe Kunda pole ya jino. Mimi niko mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Barua yako ilinifikia ikinuka samaki mkavu, sijui kondakta aliiweka wapi. Nimechelewa kujibu kwa sababu tumewasha mtambo mpya, na mimi ndiye ninayeamshwa ukikohoa.

Sasa na mimi niseme, maana hukuniachia pa kupumua.

Sikumfanya Baba mlinzi. Nilimpa nafasi. Kabla yake niliweka walinzi wawili. Wa kwanza aliuza simenti. Wa pili hakukuta simenti ya kuuza, akauza mlango wa kibanda. Ulitaka nimwamini nani tena? Nilipomwambia Baba, alikwenda kutafuta kofia yake siku ileile na kuipiga brashi. Wewe hukuuona uso wake, mimi niliuona. Wazee wangapi wa reli tumewazika hapo Katuba, watu wazima wenye nguvu, wameketi barazani bila la kufanya mpaka wakazima? Baba mwenyewe ndiye aliyenilea na neno hili: kazi kwanza, mengine Mungu atajua. Kwetu mtu akikupenda anakutafutia kazi. Leo umelisahau hilo kwa sababu ya chupa ya Fanta?

Na tuseme ukweli juu ya chupa hiyo. Wakubwa wangu wakipita Lubumbashi na kutaka kuwasalimu wazazi wangu, niwaonyeshe nini? Mzee na mkewe wanagonga chupa barazani, watoto wa mtaa wamewazunguka? Mimi nawajengea nyumba ya vyumba sita. Kimoja ni chao, na choo chake ndani, Mama asitoke nje na kifua kile. Nyumba ikiisha tutakaa wote, tutapumzika, watagonga hata madumu. Kwa nini neno moja la asante halikupatikana katika barua nzima? Dawa za Mama zinatoka katika kazi hiyo unayoitukana.

Jumapili sijalala tangu mwaka uanze, na hakuna anayeniandikia barua kunihurumia.

Bénie na watoto hawajambo.

Mdogo wako,
Stéphane


Katuba, tarehe 14 Juni 2023

Mdogo wangu,

Salamu za baridi. Imeingia kweli mwaka huu, asubuhi tunagombania kuota moto kwenye mbabula ya makaa kabla hata ya chai. Jino la Kunda limeanza kuota, limepinda kama la babu yake. Shemeji yako anakusalimu na kusema nisikuandikie kwa ukali. Nimemwambia akuandikie yeye, amekwenda kuwasha makaa.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa meno. Kosa langu ni kwamba hiyo ya pili niliisoma kwa sauti, na Mama alikuwa uani anatwanga majani ya sombe. Alisikia yote. Aliacha kutwanga nilipofika penye "wakubwa wangu", akaanza tena baadaye.

Kesho yake nikamkuta amefunga mzigo. Blanketi, sufuria, chupa, msumari. Gitaa amelibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Nikamwuliza, Mama, safari ya wapi? Akaniambia: "Naenda kwa bwana yangu. Ile mara ingine nilibakiaka juu ya masomo yenu. Sasa mulishasoma."

Nijibie wewe, uliyesoma zaidi.

Sasa wako wawili Luano ndani ya kibanda kile. Mabati yana matundu, usiku upepo unapita kama una ufunguo. Lakini jioni, Stéphane, jioni Baba anakagua ua, anafunga geti, anavua kofia, ndipo anachukua gitaa. Mama anagonga. Mafundi wako wanasikia. Dieumerci, mkuu wao, aliniambia bila aibu kwamba siku hizi mwiko unawekwa chini mapema. Wanawake wa jirani wanakuja na watoto migongoni. Jumamosi nilikwenda nimejaa hasira kumrudisha Mama, na nilipozinduka nilikuwa nacheza katikati ya matofali yako. Nimekasirika hata kwa hilo. Sikwenda kucheza, nilikwenda kugombana.

Usidhani basi kwamba mambo ni mazuri. Mama ameanza kukohoa tena. Sisemi zaidi.

Na jambo lingine. Nimempata Bénie. Yuko Likasi kwa mama yake tangu Pasaka, yeye na watoto. Uliniandikia kwamba hawajambo. Ni kweli, hawajambo, wanakula vizuri na Abigaïl wenu amejifunza kuendesha baiskeli. Nani alimshikia kiti asianguke? Mjomba wake. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Vyumba sita unavijenga kwa ajili ya nani?

Claudine


Kolwezi, tarehe 27 Juni 2023

Yaya,

Salamu. Mimi mzima. Habari nyingine za familia sina, kwani unazijua zote kabla yangu.

Dieumerci amenitumia picha. Ukuta wa sebule uko pale ulipokuwa mwezi uliopita. Mimi naajiri mafundi, wao wanafanya dansi! Na dada yangu wa tumbo moja anakwenda kuwasaidia kucheza, kisha ananiandikia kunihesabia dhambi. Hivi kuna mtu mmoja katika ukoo huu anayejua kwamba nyumba haijengwi kwa gitaa?

Imetosha. Nimempigia Baba simu, nimemwambia warudi Katuba, yeye na Mama. Alisema "ndiyo, chef", kama anamjibu mkubwa wake wa reli, na simu ikakatika. Jumatatu atafika mtu anaitwa Mwenya, mtu mzima, alilinda ghala letu huku na hakuiba hata msumari. Baba amkabidhi ufunguo, basi. Umepata ulichotaka. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Ya Bénie ni yangu na Bénie. Alisema nimeoa mtambo. Mwanamke akikasirika anasema mengi. Nyumba ikiisha ataona mwenyewe nilikuwa nafanya nini.

Stéphane


Katuba, tarehe 10 Julai 2023

Stéphane,

Umenikataza kuandika, nami ni mkubwa wako, kwa hiyo naandika. Tuko wazima isipokuwa Mama. Shule zimefunga, Kunda amefaulu. Pokea salamu.

Mwenya wako alifika Luano kama ulivyosema, mtu wa adabu kweli. Baba alimpa kiti. Mama alimpa bukari na samaki. Waliongea habari za Kolwezi. Alipomaliza kunawa mikono, Baba alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani na kumtakia safari njema ya kurudi. Ufunguo hakumpa.

Nilipopata habari nilipanda teksi mbio. Nikamwambia, Baba, Stéphane mwenyewe amekwambia utoke! Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu. "Mi siwezi kuacha poste juu ya simu. Simu, kila muntu anaweza kusema ndani. Ule mwenye aliniweka hapa, akuye yeye mwenyewe. Ku reli ilikuwaka vile."

Ndiyo hivyo ilivyokuwa. Mkuu wa stesheni hakuacha poste, yaani lindo lake, mpaka mkaguzi aje na mtu wa kupokea zamu, wazunguke wote watatu, ndipo ufunguo upite mkono kwa mkono. Akanisimulia kwamba mwaka fulani treni ya yule wa kumpokea ilianguka njiani, naye akabaki peke yake kwenye stesheni yake, hakuna treni, hakuna abiria, akilinda kengele. Ilikuwa Noeli. Unaikumbuka Noeli ile? Tulimngoja na kuku mezani mpaka Mama akasema tule tu. Ulilia, ukasema Baba hatupendi. Leo ndipo nimejua alikuwa wapi.

Nilipiga kelele, Stéphane. Nilimpigia kelele baba yangu mzazi mbele ya mafundi. Nikasema, Baba, hii si reli! Hiki ni kiwanja cha mtoto wako! Akasema: "Njo maana. Kama ingekuwa ya muntu mwingine, ningekuwa nilishaenda zamani."

Na Mama hatoki bila yeye. Anasema alikwisha kubaki nyuma mara moja, inatosha. Usiku anakohoa, Baba anamfunika na koti lake la reli, naye anakaa macho bila koti. Huo ndio usingizi wa wazazi wako. Nimewachoka wote watatu: yeye na sheria zake, Mama na ukaidi wake, na wewe uliyeanzisha yote. Mtu alingoja maisha yake yote kukaa na mkewe, na sasa muda uliobaki si mwingi, wanaumalizia katika matundu ya mabati.

Wa kumtoa ni wewe peke yako. Sikubembelezi. Njoo, usimame mbele yake, umpokee zamu. Kama mtambo wako utakufa kwa kukukosa siku mbili, basi ulikuwa mgonjwa tangu zamani.

Claudine


Luano, tarehe 23 Julai 2023

Yaya Claudine,

Salamu kutoka kibandani. Usishangae kwamba niko Lubumbashi na bado nakuandikia. Simu imezima, hapa hakuna umeme, na siwezi kutoka. Ndiyo, cheka. Barua hii ataileta Dieumerci. Baba na Mama bila shaka wamekwisha kukusimulia, lakini Baba atasimulia kwa namna yake, kwa hiyo nataka usikie na upande wangu.

Nilifika jana asubuhi na gari la kampuni, buti miguuni, kofia nyeupe kichwani. Nilikuja kugombana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, dereva akaniuliza kama nina homa.

Baba aliliona gari kwa mbali. Alisimama. Alifunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akaja karibu na geti, kofia chini ya kwapa, mikono imenyooka. Mama alikuwa anaosha sahani, naye akainuka kwa magoti yale, akasimama nyuma yake. Baba akasema: "Bonjour, chef."

Alikuwa ananiambia mimi, Yaya.

Unakumbuka likizo ile tuliyokwenda kumtembelea stesheni kwake, kigari cha mkaguzi kikapita relini? Alisimama hivyohivyo. Nilikuwa nimeshika suruali yake, na nilimchukia yule mkaguzi kuliko mtu yeyote duniani. Jana niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia, Baba, kaa, tafadhali. "Nitakaa nikishapokewa."

Akanizungusha. Simenti chini ya turubai, milango, mabomba, misumari ndani ya kopo. Hakikupotea kitu. Kisha akaniuliza: "Muntu wa kunipokea iko wapi?" Sikuwa naye. Mwenya alikwisha kupata kazi kwingine. Nilidhani tutafunga geti na kuondoka. Alikataa, akasema poste haibaki wazi. Mama alikuwa anakohoa ndani. Kile si kikohozi cha kawaida, na uliniandikia "sisemi zaidi"! Kwa nini hukusema zaidi? Hilo bado sijakusamehe.

Nikamwambia Baba: ni mimi nitakupokea.

Alinitazama kuanzia buti mpaka kofia. Akanipa ufunguo, halafu tochi. Akapiga saluti. Kisha akafungua kifungo cha shingoni, na hapohapo akawa Baba. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nimekonda. Walipanda gari langu, gitaa mbele karibu na dereva, wao wawili nyuma na blanketi magotini. Mama alikuwa anamgombeza kwamba amesahau msumari. Mimi nikabaki getini.

Kabla dereva hajawasha, Baba akashusha kioo. "Mutoto, sasa weye njo uko ku poste. Nani atakuya kukupokea?"

Nikamjibu, usijali, Jumatatu nitatafuta mlinzi.

"Siulizi ya hapa. Naulizia ya kule Kolwezi."

Gari likaondoka. Ni mzee gani anamwuliza mwanawe neno kama hilo halafu anakwenda zake? Nilikaa juu ya simenti nimejaa hasira. Nilimtafutia jibu. Nilikuwa na mengi, juu ya ada za shule, juu ya vyumba sita, juu ya nani anaamshwa mtambo ukikohoa. Hakuna hata moja lililojibu alichouliza.

Jioni majirani walikuja na viti vyao. Walinikuta peke yangu na tochi. Mama mmoja akauliza: "Bale bazee beko wapi?" Nikasema wamerudi kwao. Akaniangalia, akasema, "Pole, papa," wakabeba viti vyao wakaondoka. Sijawahi kupewa pole namna hiyo hata msibani.

Kabla simu haijazima niliwaambia Kolwezi kwamba kesho sifiki. Walipiga kelele. Kisha nikampigia Bénie. Akauliza niko wapi, nikasema Luano, nalinda simenti. Akauliza niko na nani. Nikasema peke yangu. Akasema atawauliza watoto kama wanataka kuja.

Basi la Likasi linaingia kesho mchana. Sijui kama watakuwemo, na siwezi kwenda kuangalia, kwa sababu ile ile uliyonichekea mwanzoni mwa barua hii. Nenda wewe kituoni, Yaya, nakuomba. Ukiwakuta wameshuka, usiwapeleke Katuba kwanza. Walete huku. Waambie nangoja kupokewa.

Mdogo wako,
Stéphane